Ungo Mwingine

Somo letu asubuhi hii limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6.

Katika kanisa la kwanza huko Yerusalemu, waumini walikuwa wameuza mashamba yao na kuwaletea Mitume fedha. Msaada ulikuwako. Hata hivyo kukazuka manung'uniko: wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Ndipo wakachaguliwa watu 7, Stefano akiwa mmoja wao, kuisimamia kazi hiyo. Kutoa peke yake hakukutosha.

Sisi Wakenya twalijua jambo hili. Mwaka 2011, ukame ulipobana kaskazini, Shirika la Msalaba Mwekundu na wenzake walianzisha mchango wa Wakenya kwa Wakenya. Waliomba shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, nasi tukapita kiasi hicho. Wengi walituma kidogo kidogo kwa simu. Tumshukuru Mungu. Lakini fedha iliyotumwa kwa simu bado si uji katika kikombe cha mtoto wa Turkana. Lazima awepo wa kununua unga, wa kupakia lori, wa kuandika majina, wa kupima, na wa kukoroga sufuria.

Nami niungame. Mwaka mmoja wa njaa nilipeleka gunia la maharagwe kanisani, nikarudi nyumbani moyo umetulia. Siku chache baadaye nikapita ghalani, nikawakuta akina mama wanne mkekani wakichagua maharagwe yale. Yalikuwa yametobolewa na wadudu. Nilikuwa nimetoa yale ambayo kwangu tusingepika. Hawakunilaumu. Mama mmoja mzee alisema tu, "Karibu, mchungaji. Kuna ungo mwingine hapo."

Nikaketi. Tulichagua hadi jua likatua, na mgongo wangu ukanifundisha gharama ya sadaka yangu.

Ndugu msikilizaji, usingoje redio itangaze njaa. Hata wakati wa mavuno, kikongwe asiyeweza kulima bado atafuta chakula cha jioni. Tenga gorogoro moja ya mahindi kila mwezi, mahindi makavu na safi, yale unayokula mwenyewe. Kama huna mahindi, toa Jumamosi moja: kupima, kubeba, au kumpelekea asiyeweza kutembea. Na unapogawa, mtazame yule wa mwisho kwenye foleni. Huenda hasemi lugha yako, kama wajane wale wa Yerusalemu, na hana wa kumtetea.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipokutolea tusivyovitaka. Uwatie nguvu wanaobeba, wanaopika na wanaogawa bila mshahara. Utuonyeshe ungo ulio wazi, nasi tuketi tufanye kazi. Amina.