Wafu Wasiozikwa na Afya ya Walio Hai: Urithi wa Wandebele wa Zimbabwe



Nimeombwa katika mhadhara huu wa uprofesa nizungumzie utamaduni na afya. Nimechagua Wandebele wa Zimbabwe kwa sababu moja. Kwao kuna swali ambalo vitabu vyetu vya tiba havilitaji, lakini katika vijiji vya Matabeleland limewatesa watu kwa miaka arobaini: mtu aliye hai atakuwaje mzima ilhali baba yake ameuawa na hajazikwa? Nitasema tangu sasa ninavyoamini. Hawezi kuwa mzima, na huduma ya afya isiyoliona jambo hilo inamhudumia mgonjwa nusu.

Kwanza tuelewane ni Wandebele gani. Wapo Wandebele wa Afrika Kusini, koo za Manala na Ndzundza, ambao dunia inawajua kwa kuta zao zilizochorwa rangi kali, na kwa mkono wa Bibi Esther Mahlangu aliyeifikisha michoro hiyo katika majumba ya sanaa ya ng'ambo. Hao wana historia yao. Ninaowazungumzia mimi ni watu wa Mzilikazi mwana wa Mashobana, wa ukoo wa Khumalo, aliyeachana na Shaka mwanzoni mwa miaka ya 1820, akatawala nyanda za juu ng'ambo ya mto Vaal, akafurushwa na Makaburu mwaka 1837, akavuka Limpopo na kusimika dola yake karibu na mahali tunapopaita leo Bulawayo.

Hawa si wageni kwetu Tanzania kama inavyodhaniwa. Wangoni wa Songea walitoka katika msukosuko uleule. Zwangendaba alivuka Zambezi mwaka 1835 akaja hadi Ufipa. Mwanamke shujaa aliyeitwa Nyamazana alibaki nyuma na watu wake, na Mzilikazi alipofika akamwoa. Yaani familia moja iligawanyika, wengine wakasimama Matobo, wengine wakafika Ruvuma. Nitarudi Songea baadaye, maana kuna deni ambalo halijalipwa huko.

Dola ya Mzilikazi haikuwa ya damu moja. Ndani yake walikuwamo Wanguni waliotoka naye kusini, Wasotho aliowakusanya njiani, na Wakalanga na Warozvi aliowakuta. Katika Milima ya Matobo alikuta mahali patakatifu pa Mwali, Mungu wa mvua, ambapo watu wa Njelele walikuwa wakiomba kabla yake. Hakupabomoa. Kwa hiyo ninaposema urithi wa Wandebele ninasema urithi uliochanganyika, na nadhani nguvu yake imetoka hapo.

Sasa, afya inakaa wapi katika urithi huo? Inaanzia nyumbani, mahali kilipozikwa kitovu cha mtoto. Inapita katika maziwa, uwele na mtama, katika kazi za kusaidiana shambani, katika heshima kati ya mkwe na wakwe. Mwenye boma anapokufa huzikwa kando ya zizi la ng'ombe wake. Baada ya mazishi majembe yaliyochimba kaburi huoshwa, na waliohusika na maiti hutakaswa. Kisha, baada ya mwaka au zaidi, huja ibada ya umbuyiso: pombe hupikwa, ng'ombe huchinjwa, na ukoo wote huitwa ili roho ya marehemu irudishwe nyumbani. Kabla ya hapo marehemu yuko njiani. Baada ya hapo ni idlozi, mzee wa ukoo anayewalinda watoto wake.

Kwa mtu aliyefia mbali, jamii za Kinguni hutumia tawi la mti wa miiba ambao Wandebele huuita umphafa. Mzee huenda nalo mahali pa kifo, humwita marehemu kwa jina, kisha huondoka nalo akimwongoza kurudi kwao. Mti huo ni wa jamii moja na mkunazi wetu, na kila aliyelelewa pwani anajua kwamba majani ya mkunazi hutiwa katika maji ya kuoshea maiti ya Mwislamu. Hizo ni dini mbili zisizojuana, na zote zimeufikia mti uleule pale mtu anapokabidhiwa safari yake ya mwisho. Sijapata maelezo yanayonitosheleza, ila jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria.

Tusisitize hapa jambo moja. Mgonjwa akifika kwa inyanga, mjuzi wa dawa za miti, hupewa dawa ya ugonjwa wake. Akifika kwa isangoma, huulizwa habari za nyumbani: nani amekosana na nani, nani amesahauliwa, nani bado hajarudishwa. Familia za Bulawayo huenda kwa wote wawili, na hospitali pia, wala hazioni mgongano. Daktari huutazama mwili, isangoma hutazama uhusiano. Wasomi wetu wa zamani waliandika juu ya hao wawili kana kwamba lazima mmoja amshinde mwenzake.

Dawa ya kigeni yenyewe iliingia Matabeleland kupitia mwili wa mfalme. Mwaka 1854 mmisionari Robert Moffat alimkuta rafiki yake Mzilikazi amevimba miguu, hawezi kutembea, akamtibu mpaka akasimama. Miaka mitano baadaye wamisionari wakaruhusiwa kujenga kituo Inyati. Februari 1888 mtoto wa Moffat, John, ndiye aliyeipatia Uingereza mkataba kutoka kwa Lobengula, mwana na mrithi wa Mzilikazi. Lobengula naye alisumbuliwa na gauti, na aliyemtuliza maumivu kwa sindano za mofini alikuwa Daktari Leander Starr Jameson, mtu wa Cecil Rhodes. Mfalme alimpa hadhi ya induna. Oktoba 1893 daktari huyohuyo, sasa akiwa mtawala wa Kampuni ya Rhodes katika Mashonaland, alipeleka bunduki za Maxim dhidi ya mgonjwa wake, na Novemba Bulawayo ikawa majivu. Anayeshangaa kwa nini wazee fulani wa Matabeleland waliitazama kwa jicho la pembeni sindano ya serikali, na aisome habari hiyo.

Baada ya vita Kampuni ilichukua sehemu kubwa ya ng'ombe. Mwaka 1896 sotoka ikaingia, na maofisa wakaanza kuwapiga risasi hata ng'ombe waliokuwa wazima ili kuzuia maradhi yasienee. Kwa daktari wa mifugo hiyo ilikuwa kanuni ya kinga. Kwa familia, ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, mahari ya kijana na njia ya kuzungumza na wafu. Machi mwaka huo nchi ikawaka moto wa uasi.

Kisha mwaka 1908 ikafunguliwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ingutsheni, mjini Bulawayo. Mwanahistoria Lynette Jackson ameonyesha jinsi wanawake Waafrika walivyofikishwa humo kwa sababu walikutwa wakitembea peke yao, mjini au barabarani, mahali ambapo sheria za kikoloni hazikuwatarajia. Mwanamke aliyekuwa mbali na kwao alihesabiwa mgonjwa. Wandebele nao waliamini kwamba kuwa mbali na kwenu kwaweza kukudhuru, lakini dawa yao ilikuwa kukurudisha nyumbani. Ukoloni ulikufungia mlango.

Ndugu zangu, nafika mahali pagumu. Kati ya mwaka 1983 na 1987 Brigedi ya Tano ya jeshi la Zimbabwe iliendesha katika Matabeleland na sehemu za Midlands operesheni iitwayo Gukurahundi. Ilisemekana inawasaka waasi waliotoka ZIPRA, jeshi la ukombozi la chama cha Joshua Nkomo, ambalo baadhi ya vijana wake walipata mafunzo hapa kwetu Morogoro. Waliouawa kwa wingi walikuwa wanavijiji. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 20,000. Ripoti ya Kamisheni ya Kikatoliki ya Haki na Amani na Wakfu wa Msaada wa Sheria, iliyotoka mwaka 1997, inaeleza yaliyotokea Tsholotsho na Matobo. Inataja kambi ya Bhalagwe, na maiti zilizotupwa katika shimo la mgodi wa Antelope. Inaeleza jinsi chakula kilivyozuiwa mwaka 1984, wakati wa ukame, katika Matabeleland Kusini. Pia inaeleza jambo ambalo msomaji wa kawaida anaweza kulipita: watu walikatazwa kulia. Walilazimishwa kuimba na kucheza juu ya makaburi ya jamaa zao. Miili mingine iliachwa juani, na aliyethubutu kuizika alihatarisha maisha yake.

Weka sasa hayo kando ya yale niliyoyasema juu ya umbuyiso. Marehemu hajaoshwa, majembe hayajaoshwa, ng'ombe hajachinjwa. Baba hajarudi. Kwa miaka na miaka familia zikaona watoto wanashindwa kuolewa na kuoa, mimba zinaharibika, mvua zinakosekana, ugomvi hauishi ndani ya nyumba, na zikajua chanzo. Serikali nayo ilikuwa na njia yake ya kuuendeleza ugonjwa: bila cheti cha kifo cha mzazi, watoto wengi walishindwa kupata cheti cha kuzaliwa, na bila hicho hakuna kitambulisho, hakuna mtihani, hakuna kazi halali. Hata mtu asiyeamini amadlozi ataona kwamba wafu hao waliwazuia walio hai.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Amani Trust, likisaidiwa na wataalamu wa mifupa kutoka Argentina waliojifunza kazi hiyo kwa wahanga wa udikteta wa kwao, lilianza kufukua makaburi katika Matabeleland Kusini. Baadaye kazi ikaendelezwa na Ukuthula Trust. Familia ndizo huomba. Mifupa hutolewa udongoni taratibu, ndugu wakiwa wamesimama kando. Mtaalamu huwaeleza risasi ilipopita na mfupa uliovunjika, na kile ambacho wakubwa walikikana kwa miaka huonekana kwa macho. Kisha huja jeneza, sala, nyimbo, na kilio kilichokatazwa. Shari Eppel, aliyeongoza kazi hiyo kwa muda mrefu, ameandika kwamba kuwaponya wafu ndiyo njia ya kuwabadilisha walio hai. Mimi naisoma kazi yao kama kazi ya tiba, na nashangaa kwamba katika bajeti haihesabiki kuwa afya.

Sitaki kuupamba urithi huu. Una makali yake. Swali la nani amekosana na nani linaweza kugeuka kuwa nani amemroga nani, na anayenyooshewa kidole mara nyingi ni bibi kizee au mjane asiye na mtetezi. Wapo pia wagonjwa wa kifua kikuu waliochelewa kwa miezi wakitafuta chanzo. Anayelipenda jambo hulisema na ubaya wake.

Lakini tazameni jinsi watu wenyewe walivyoutumia. Vibarua waliokwenda migodini Johannesburg, na wale waliofuata kazi Bulawayo, waliunda vyama vya kuzikana. Mhamiaji alichanga ili mwili wake urudi. UKIMWI ulipolipuka katika miaka ya 1990, na Matabeleland Kusini ikawa mkoa ambao tafiti za kitaifa zinakuta maambukizi mengi kuliko mikoa mingine, vyama hivyo vilikuwa tayari vinajua nani anaumwa na nani hana wa kumuuguza, vikashika kazi ambayo wizara haikuwa na mikono ya kuifanya.

Nilisema nitarudi Songea. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni kwa sababu ya Vita vya Maji Maji, na kichwa cha Nduna Songea Mbano, kwa mujibu wa wazee wake, kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha na kuahidi kukitafuta. Wapo walioona hilo kuwa jambo la makumbusho na diplomasia. Ukoo unaosubiri unaelewa kama Wandebele wanavyoelewa: mzee wetu bado yuko njiani.

Julai 2024 serikali ya Zimbabwe ilizindua vikao vya kusikiliza habari za Gukurahundi, vikiongozwa na machifu. Napendekeza mambo ambayo machifu peke yao hawawezi kuyakamilisha. Ufukuaji ufanywe na wataalamu, familia zikiridhia, bila haraka ya kisiasa. Vyeti vya kifo vitolewe pamoja na mifupa. Muuguzi wa zahanati ya Kezi au Tsholotsho, anapomwandikia mama dawa ya shinikizo la damu au ya kukosa usingizi, awe amefundishwa kuuliza kama kuna mtu wa nyumbani ambaye hajazikwa, na awe na mahali pa kulipeleka jibu. Nasi katika kitivo chetu, kuanzia mwaka ujao wa masomo, wanafunzi wa udaktari watakaokwenda vijijini watalibeba swali hilohilo. Kilwa, Songea na Mahenge pia wapo wanaosubiri kuulizwa.