Motakaa, Gofu na Karatasi ya Hesabu

(Maneno yafuatayo yalisemwa na dereva mstaafu mbele ya wazee na vijana waliokusanyika mjini Shinyanga. Tunayachapa kama alivyoyasema.)

  

Nimeombwa niseme juu ya jambo lo lote nipendalo. Mtu akikupa ruhusa ya namna hiyo amekutwika mzigo, maana mambo ni mengi na saa ni moja. Nimechagua matatu: motakaa, mchezo wa gofu, na mambo ya siku hizi katika nchi yetu hii ya almasi na dhahabu. Najua baadhi yenu mnacheka kusikia gofu. Chekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Kwanza motakaa. Mimi nimeshika usukani miaka thelathini na mmoja. Nilianza na lori la pamba, nikisomba mavuno ya wakulima kutoka vituo vya kununulia hadi kwenye viwanda vya kuchambulia. Baadaye nikaendesha gari dogo la bwana mmoja mkubwa wa kigeni. Kwa hiyo nimeona nchi hii kwa macho mawili: jicho la lori na jicho la motakaa ya kifahari. Nawaambia kweli, barabara ni ile ile, lakini nchi haionekani sawasawa. Ukiwa kwenye lori unaonja vumbi, unasimama kwa kila mtu, unasikia habari za mvua na za bei. Ukiwa kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa, vumbi unawaachia wanaotembea kwa miguu.

Wananchi hawakukosa kuliona jambo hili. Mara baada ya Uhuru, watu wa Afrika Mashariki walitunga jina la kabila jipya, wakaliita Wabenzi. Kabila hili halina lugha wala mila; alama yake ni Mercedes Benz tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotoka na masharti ya uongozi, likiwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, wananchi wengi walielewa upesi, kwa sababu walikuwa wamekwisha yaona magari yakipita. Tena wenye umri kama wangu mnakumbuka miaka ya shida ya mafuta, magari ya watu binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Siku hizo bwana na mtumishi walikutana njiani, wote kwa miguu. Siku hizi Wabenzi wametoweka midomoni, na badala yake tunalo shangingi. Jina limebadilika, vumbi halikubadilika.

Lakini sikuja kuitukana motakaa. Motakaa imenilisha na kunisomeshea watoto. Huko vijijini Geita na Kahama, kile kigari kidogo cha Probox kilichotoka Japani kikiwa kimechoka ndicho kinachompeleka mama mjamzito zahanati, kikiwa kimebeba na magunia ya mpunga juu. Bodaboda imempa kijana kazi. Na mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, juu ya maji ya Ziwa Victoria. Sisi madereva tuliokuwa tukipanga foleni kungojea kivuko, huku mgonjwa akilalamika kiti cha nyuma, ndio tunaojua thamani yake. Basi kipimo changu cha motakaa ni hiki: imebeba nani, na fedha iliyoinunua imetoka wapi? Gari likijibu maswali hayo mawili bila haya, nalipisha njia kwa heshima.

Sasa gofu. Yule bwana niliyemwendesha alikuwa mtu wa gofu. Kila Jumamosi nilimpeleka uwanjani, nami nikakaa chini ya mti pamoja na makedi, yaani wale vijana wanaobeba mfuko wa fimbo. Kwa hiyo nimejifunza gofu kwa kutazama tu, kama mtoto anavyojifunza kupika kwa kukaa jikoni.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika kishimo cha mbali. Vishimo ni 18. Anayemaliza vyote kwa mapigo machache ndiye mshindi. Uwanja mmoja huweza kula zaidi ya ekari 100, nao unataka majani mabichi na maji. Mkulima wa Shinyanga, ambako mji ulisubiri hadi mwaka 2009 kupata maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, akiona maji yanamwagiwa majani yasiyoliwa na ng'ombe hushika kichwa. Tena twajua viwanja hivi vililetwa na wakoloni kwa ajili ya klabu zao, na Mwafrika aliingia humo kubeba mfuko au kufyeka majani. Leo mambo ni mengine. Dar es Salaam jeshi letu lina uwanja wake pale Lugalo, na Watanzania, wanaume kwa wanawake, wanacheza na kushinda. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko ya wengine.

Lakini yaliyonivuta mimi ni mambo matatu yaliyomo katika kanuni zake.

Jambo la kwanza. Katika gofu hakuna refa anayekufuata na filimbi. Ungedhani basi kila mtu atajihesabia apendavyo. Sivyo. Katika mashindano ya kuhesabu mapigo, karatasi yako anaishika mwenzako, na yeye ndiye anayeandika mapigo yako. Mwishoni mnasoma pamoja, mnatia sahihi wote wawili. Ukitia sahihi hesabu iliyopunguzwa, unatolewa mashindanoni, hata kama ni pigo moja tu.

Jambo la pili. Mchezaji hodari akicheza na mnyonge, mnyonge hupewa mapigo ya nyongeza, nao huyaita hendikapu. Hodari halalamiki kwamba ameonewa. Anajua kwamba bila hivyo hakuna mchezo.

Jambo la tatu ni la kedi. Kedi anaujua uwanja kuliko bwana wake. Anajua upepo, anajua mteremko, ndiye anayesema, "Bwana, chukua fimbo ile." Lakini kikombe anachukua bwana.

Ndugu zangu, mmekwisha ona ninakokwenda. Nilipokaa chini ya ule mti nilikuwa nikijisemea: kumbe hawa mabwana wanazo kanuni nzuri hivi za mchezo wa Jumamosi! Na Jumatatu je?

Tuanze na karatasi. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson alipata almasi pale Mwadui, hatua chache kutoka hapa tulipo. Mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5 iliyotoka katika ardhi hii ilipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ilikuwa zawadi nzuri sana, lakini wazee wetu hawakuulizwa. Geita, wachimbaji wa kikoloni walichimba dhahabu tangu miaka ya 1930, mgodi ukafungwa mwaka 1966. Baadaye ikaja migodi mikubwa ya sasa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Muda mrefu mchimbaji alikuwa ndiye mpigaji wa mpira na ndiye mwandishi wa karatasi. Sisi tulionyeshwa jumla tu.

Mwezi wa Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia yasisafirishwe nje. Neno hilo hatukulijua. Katika wiki chache likawa neno la vilabuni na sokoni. Makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikasema dhahabu iliyomo ni nyingi mara kadhaa kuliko iliyoandikwa. Kampuni ya Acacia ikakataa, ikasema hesabu yake ni sahihi. Mimi si mkemia, sikufungua kontena hata moja. Ninalolisema ni hili: ugomvi ule ulikuwa mkubwa kwa sababu kwa miaka mingi karatasi ilishikwa na mkono mmoja. Watu wawili wakiandika pamoja tangu kishimo cha kwanza, hawafiki kugombana kwenye cha 18. Mwaka huo huo sheria zikabadilishwa, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mwaka 2020 yakatiwa sahihi mapatano na Barrick: dola milioni 300 zilipwe, na kampuni ya Twiga iundwe, Serikali ikiwa na asilimia 16 na Barrick asilimia 84. Wako wanaosema tumepata kidogo, wako wanaosema tumepata vyema. Mimi nasema tumepata kalamu. Sasa tuone kama tunajua kuandika.

Tuje kwenye hendikapu. Mchimbaji mdogo wa duara, mwenye kamba, tochi na nyundo, anashindana na mashine inayobeba mlima. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa, jambo ambalo huku Kahama linasemwa kwa uchungu mpaka leo. Kwa miaka mingi hodari ndiye aliyepewa mapigo ya nyongeza: misamaha ya kodi kwake, virungu kwa mnyonge. Yafaa tuseme pia yaliyotengenezwa. Mwaka 2019 masoko ya madini yalifunguliwa, la Geita likiwa la kwanza, na kodi zilizomkimbizia mchimbaji mdogo kwa walanguzi zikaondolewa. Leo anapima mbele ya macho yake na bei inajulikana. Hiyo ni hendikapu ya haki. Lakini bado anashika zebaki kwa mikono mitupu, bado duara linamwangukia masika, na mwenye karasha bado anabaki na marudio yenye dhahabu. Mwezi wa Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilipita dola 4,000 kwa wakia. Bei ikipanda namna hiyo, watu huingia mashimoni kwa haraka zaidi na kwa hadhari ndogo zaidi. Hapo ndipo elimu, vipimo na mikopo vinapotakiwa, kabla ya majeneza.

Tena kuna kedi. Vijana wetu wanaijua miamba hii kama viganja vyao. Wazee wao waliiona dhahabu mtoni kabla mwanajiolojia hajafika. Je, watabeba mfuko mpaka lini? Sheria sasa inadai dhahabu isiyopungua asilimia 20 itengwe isafishwe na kuuzwa hapa nchini, na viwanda vya kusafishia vimejengwa Mwanza na Geita. Ni mwanzo mzuri. Nataka nimwone kijana wa Nzega au wa Msalala akiwa ndiye anayesema fimbo gani ichukuliwe, na kikombe akashike yeye.

Sasa nimewasema wageni, na mmepiga makofi. Msipige bado. Karatasi ya pili iko mikononi mwetu wenyewe. Migodi inalipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Migodi inatoa fedha za maendeleo ya jamii, na sheria inataka mpango wake ukubaliwe na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, nimeyaona. Lakini nani ameshika karatasi ya mapigo? Sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukae kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Niambieni, ni wangapi hapa walihudhuria mkutano uliopita? Naona mikono michache. Ni rahisi kuhesabu makontena ya Acacia kuliko kuhesabu mifuko ya saruji ya diwani wetu, kwa sababu diwani ni shemeji.

Wazee wa Geita hawakuwa hivyo. Mwaka 1958, chama cha TANU kikiwa kimenyimwa ruhusa huku Usukumani tangu 1954, Serikali ya kikoloni ilitaka kuwatwisha halmashauri ya mseto. Walikataa, wakaenda Mwanza kwa mamia kusema hapana. Wengi wao hawakuwa na motakaa. Walitaka neno moja tu: asiwepo mtu wa kuwaandikia mambo yao wao wakiwa nje ya mlango.

Na saa inakwenda. Buzwagi mgodi ulifungwa mwaka 2021. Geita ya kwanza ilifungwa, na hii ya pili itafungwa siku moja, maana dhahabu haina msimu kama pamba. Ukivuna pamba unapanda tena. Kwenye gofu mpira ukiingia shimoni unatolewa, mchezo unaendelea kesho. Shimo letu likishatolewa kilichomo, hakuna kesho yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atauliza tulipata nini, na hatutaweza kumwonyesha shimo wala kumwonyesha shangingi lililokwisha chakaa. Tumwonyeshe shule yenye walimu, maji, mkono wenye kazi, na daftari ambalo hesabu zake zinasomeka.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkutano wa kijiji ujao, nendeni. Mwende na kalamu. Ikisomwa hesabu, iandikeni. Isiposomwa, iulizeni kwa adabu, na msitoke mpaka isomwe. Hakuna anayehitaji motakaa kufika pale.