Juu ya Uvimbe wa Maji wa Ini na Tiba ya Sindano
(Maneno ya Kamati ya Afya mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Ugonjwa tunaotaka kuunena leo si mgeni katika njia hii iendayo Lodwar. Madaktari huuita haidatidi. Sisi tumezoea kusema uvimbe wa maji wa ini. Katika miaka ya 1980, shirika la AMREF lilipowapima watu wa Turkana kwa ultrasaundi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, sehemu za kaskazini-magharibi zilionekana kuwa miongoni mwa zilizopatwa zaidi duniani. Ndugu wa huko tunakaa nao Kitale, na mbuzi wa huko hufika sokoni kwetu. Basi asiseme mtu kwamba shauri hili halimhusu.

Asili yake ni tegu mdogo sana akaaye katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na mavi ya mbwa, yakashika manyoya yake, mikono ya watoto, na maji ya kunywa. Mtu akiyameza, mdudu huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, akafanya kifuko cha maji. Kifuko hukua polepole, pengine miaka mingi bila maumivu. Ndiyo sababu mgonjwa hufika hospitali tumbo limekwisha kuwa kubwa, na watu wamekwisha kusema amerogwa.

Zamani tiba ilikuwa kisu. Kuchoma kifuko kwa sindano kulikatazwa, kwa kuwa maji yake yakimwagika tumboni huweza kuotesha vifuko vipya, au kumletea mgonjwa mshtuko wa ghafla wa kumwua. Lakini katika miaka ya 1980 madaktari wa Tunisia walionyesha kwamba, sindano ikiongozwa na picha, kazi hiyo yawezekana. Na mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake. Twaieleza kwa urefu kidogo, maana uvumi ni mwingi.

Mgonjwa hupewa kwanza vidonge vya albendazoli, na ngozi hutiwa ganzi. Daktari, akitazama picha, hupitisha sindano ndefu katika nyama ya ini hadi kifukoni, huvuta maji kidogo na kuyachunguza. Yakiwa na nyongo, hatii dawa, kwa sababu itaiunguza mifereji ya nyongo. Yasipokuwa nayo, huyavuta, hutia alkoholi kali au maji ya chumvi kali, hungoja kama robo saa wadudu wafe, kisha huvuta tena. Vidonge huendelea kwa muda wa kama mwezi mmoja. Tumbo halipasuliwi.

Lakini wazee, tusiwadanganye watu wetu. Sindano haifai kila uvimbe. Yafaa ule wenye maji matupu. Uliojaa vifuko vidogo ndani yake mara nyingi bado huhitaji mpasuaji. Na ule uliokwisha kukauka huachwa, ukatazamwa tu. Tena haifanywi ila mahali penye daktari wa kutia usingizi na dawa za kuzuia mshtuko. Anayeahidi kuchoma uvimbe dukani mwake ni muuaji, wala hatuoni haya kumwita hivyo.

Juu ya mbwa, neno moja. Agosti ya miaka ya shufwa, Bungoma ikiwa katika tohara, wanyama wengi huchinjwa. Ini au pafu lenye vifuko likitupwa nje, mbwa hula, na tegu huanza upya. Kila boma lichimbe shimo refu la kufukia viungo hivyo, na mbwa wapewe prazikwanteli kutoka kwa ofisa wa mifugo.

Kinachotuuma zaidi ni kuchelewa. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe yu tayari, lakini ndugu hukaa baraza wiki baada ya wiki, wakihesabu gharama na kuogopa kisu. Picha yenyewe haina kisu wala sindano. Kwa hiyo Kamati yaomba sehemu ya mfuko wa chama itengwe kwa nauli na malipo ya picha, kwa kila mwanachama au mtu wa nyumba yake aonaye uvimbe chini ya mbavu za kuume. Hoja hiyo twaiweka mbele yenu ipigiwe kura.