Bustani ya Nyumbani ni Kinga ya Korosho

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Misugusugu, Kibaha



Huenda baadhi yenu mnajiuliza mkaguzi wa hesabu ana habari gani na mchicha. Jibu limo katika madaftari yenu ya mapokezi. Mara kwa mara hukuta jina la mwanachama ambaye wingi wa mikorosho yake unajulikana na kila mtu, lakini mzigo aliouleta ghalani ni mdogo mno. Nikiuliza sababu, huelezwa kwa sauti ya chini kwamba korosho nyingine zilikwisha kuchukuliwa na walanguzi wa kangomba kwa bei ya kutupa, tangu zilipokuwa maua mtini.

Deni la namna hiyo si lazima lianze kwa jambo kubwa. Laweza kuanza kwa fungu la mboga lililokopwa gengeni. Tuchukue mfano wa kaya inayonunua mboga ya shilingi 1,000 kila siku. Kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba ni siku 92, yaani shilingi 92,000. Hiyo ndiyo miezi ambayo mkulima wa korosho hana pato, maana mavuno yetu hushamiri kuanzia Oktoba. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika zao la korosho mwaka 2007, unamlinda mwanachama mnadani. Jikoni hauwezi kumlinda. Huko hana budi kujilinda mwenyewe.

Ndugu wanachama, miezi hiyo ya ukata ndiyo pia miezi mizuri ya bustani hapa Pwani. Wakati wa kipupwe jua si kali, magonjwa ya ukungu hupungua, na ardhi ingali na unyevu wa masika. Lakini anayengoja Julai ndipo atafute mbegu, amekwisha kuchelewa. Kazi ya Julai huanza Mei.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, inueni matuta ili maji yasituame. Pandeni bamia, kunde, maboga na matembele. Nyanya zisiwe bustanini wakati mvua ni nyingi, kwa kuwa majani yake hubabuka kwa ukungu. Mwezi Mei sieni mbegu za nyanya, bilinganya na nyanya chungu katika kitalu chenye kivuli cha makuti, kisha hamisheni miche baada ya wiki 4 au 5.

Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, tengenezeni vitanda vyenye upana wa mita 1, mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Mchicha usisiwe wote siku moja. Sieni sehemu ya kitanda kila baada ya wiki 2. Kwa kuwa huwa tayari kwa wiki 3 au 4, sehemu moja ikiisha nyingine itakuwa imekomaa.

Ukame ukizidi mwezi Septemba, tumieni vitanda vya kuzama vinavyokusanya maji, mtandaze nyasi kavu, na mmwagilie alfajiri au jioni. Maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe uani.

Vuli ikifika, nguvu zote huenda kwenye korosho. Basi pandeni zisizodai uangalizi mwingi: kunde na matembele. Kwa jua la Januari na Februari, tegemeeni kisamvu, pamoja na majani ya kunde yaliyochemshwa kidogo na kukaushwa mapema, kama wafanyavyo wenzetu wa Dodoma.

Udongo wetu wa kichanga haushiki maji wala rutuba. Changanyeni debe 1 la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita 1 ya mraba ya kitanda. Asiye na mifugo achimbe shimo la mboji, atie majani, majivu na mabaki ya jikoni.

Wazee mtakumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, baada ya ukame wa mwaka 1973 na 1974, ambapo watu walihimizwa kwa amri kulima. Leo hakuna atakayekuja kuhesabu matuta yako. Atakayekuja ni mlanguzi, naye huanzia kwenye nyumba isiyo na mboga.

Kwa hiyo nawaomba makatibu mambo matatu. Kwanza, orodhesheni wanaotaka mbegu na kuziagiza kwa pamoja kabla ya mwisho wa Aprili. Pili, mwalikeni bwana shamba au bibi shamba katika mkutano mmoja wa wanachama kabla ya Mei. Tatu, katibu awe wa kwanza kuwa na bustani, ili maneno yake yawe na mahali pa kuonekana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mboga huoza, lakini bustani inayopandwa kwa zamu ni akiba isiyooza.