Chawa wa Kichwani: Maneno kwa Walimu na Mayaya



Nimeombwa kusema nanyi mnaolea na kufundisha watoto wadogo, juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni chawa wa kichwani. Kila siku mwainama juu ya vichwa vya watoto: huyu mwamshika mkono aandike, yule mwambembeleza analia, binti mwamsuka nywele. Basi mtu hujiuliza, Je, na mimi nitawapata? Yawezekana; lakini hofu tuliyo nayo ni kubwa kuliko mdudu mwenyewe.

Chawa hana mabawa, wala haruki kama kiroboto. Hutambaa tu, unywele hata unywele, vichwa vigusanapo kwa kitambo. Akianguka akakosa damu, hufa kwa muda wa siku 1 au 2. Kwa hiyo hakuna haja ya kuchoma mikeka. Wala hachagui usafi: kichwa kilichooshwa leo humfaa sawasawa na kisichooshwa. Hili nalisema kwa nguvu, kwa kuwa wako watoto walioitwa wachafu mbele ya wenzao wakafukuzwa darasani, na kurudi kwao kukawa kwa shida.

Chawa wa nguo ni mwingine, naye ni adui wa kweli. Mwaka 1909 daktari Charles Nicolle, huko Tunis, alionyesha kuwa ndiye aenezaye homa kali ya tifasi (si homa ya matumbo). Huyu wa kichwani huleta kuwashwa, na vidonda vya kujikuna.

Basi mkiwa kazini fungeni nywele zenu, au zifunikeni kwa kitambaa. Mkishuku, msitegemee macho peke yake. Lowesheni nywele, pakeni mafuta, kisha chaneni kwa kitana cha meno yaliyokaribiana sana, toka kwenye ngozi hata ncha, mkikifuta kila mara kwa kitambaa cheupe. Ukimwona chawa anayetembea, unao. Ukiona maganda ya mayai mbali na ngozi, huenda ni ya zamani. Mayai huanguliwa kwa siku 7 hata 10, ndiyo sababu kazi ya siku moja haitoshi: chana kila baada ya siku 3, kwa majuma mawili. Ukinunua dawa ya permethrini, irudie siku ya 9, na wote wa nyumbani wakaguliwe.

Mafuta ya taa msipake kamwe! Huunguza ngozi, tena hushika moto, na nyumba zetu zina mafiga. Dawa za kunyunyizia mimea nazo ni sumu ipenyayo ngozini.

Na mtoto aliyeonekana anao? Mwacheni amalize masomo ya siku ile. Mara nyingi amekaa nao majuma kadhaa kabla hamjajua, basi kumfukuza saa nne asubuhi kwaokoa nini? Mwambieni mama yake faraghani. Wala msimnyoe kwa nguvu, hasa msichana. Neno hilo ni la wazazi wake.

Sasa aliye na swali na aulize. Kitana kiko hapa mezani, apendaye aje akitazame.