ROVU NA UWEZO WA KUFANYA KAZI



Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, huletwa hasa na upungufu wa madini joto. Tezi ikilegea, mkulima wa mpunga au kakao hapa Kyela huchoka na kusikia baridi. Ikizidi kasi, hukonda na mikono humtetemeka.

Pensheni ya ulemavu ya NSSF haitazami ukubwa wa uvimbe. Hutazama uwezo wa kujipatia riziki uliopotea, usiopungua theluthi mbili. Asiyechangia hana pa kudai.

Lakini mara nyingi dawa hurudisha uwezo huo. Basi kila chama kiwahimize wagonjwa kwenda hospitali mapema, na maduka yauze chumvi yenye madini joto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.