Kwa Nini Dhahabu Huzama

Leo napenda tuzungumze juu ya elimu ya fizikia. Elimu hii si ngeni kwetu. Kila aoshaye mchanga wa dhahabu huitumia, hata asipoijua kwa jina.

Tazameni vitu vilivyo sawa kwa ukubwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Jiwe jeupe lichukualo dhahabu, likijaza kipimo hicho hicho, lina kilo 2.65, dhahabu ina kilo 19.3. Basi dhahabu hulishinda jiwe mara 7 na zaidi.

Mbona basi huoshwa kwa maji, isipepetwe kama mtama? Archimedes, Myunani wa zamani sana, alifundisha ya kuwa kitu kikizama hupunguziwa uzito ulio sawa na uzito wa maji kinayoyaondoa mahali pake. Hivyo vyote viwili hupunguziwa kilo 1. Jiwe hubaki na kilo 1.65, na dhahabu kilo 18.3. Sasa dhahabu hulishinda jiwe mara 11. Ndiyo sababu maji huchukua mchanga, nayo dhahabu hukaa chini ya karai.

Zebaki nayo, lita yake ni kilo 13.6. Jiwe huelea juu yake, lakini dhahabu huzama na kushikamana nayo. Kisha moto huzitenganisha, maana zebaki huchemka kwa digrii 357, na dhahabu haiyeyuki mpaka digrii 1064. Watu husema, "Zebaki imekwisha." La, haikwisha! Imekuwa mvuke usioonekana wala kunuka. Mvuke huo huudhuru ubongo na mafigo ya mwenye kuuvuta, na zaidi watoto na mimba. Ukipoa huwa matone tena, juu ya paa na mashambani. Mvua huyapeleka mtoni, na sumu yake huingia katika samaki tunaowala.

Kwa hiyo, asiyeweza kuiacha zebaki asiichome jikoni wala karibu na nyumba. Atumie chombo cha chuma kilichofungwa barabara, chenye bomba lipozwalo kwa maji, ili mvuke urudi kuwa zebaki ndani ya maji. Nanyi walimu, wafundisheni watoto hesabu hii kwa mawe na ndoo ya maji, wakawaeleze wazazi wao.